UZI: Mombasa na maji yake (kina, vivuko, mizigo na nyumba za mawe)

#1 Mshale wa Mvita (mwenye uzi)

Salaam aleikum wana jamvi. Mazungumzo ya Mombasa kila mara huishia kwenye foleni ya feri na makontena yaliyopelekwa Nairobi. Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja, nao ni maji. Ukijua kina kiko wapi, maji yanapwa saa ngapi na kisiwa kina milango mingapi, mengi ya mji huu yanajieleza yenyewe. Naomba tuandike kwa vipimo na hatua, ili mgeni au kijana anayeanza kazi bandarini akisoma apate cha kushika.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kama kilomita za mraba 14. Kaunti nzima, pamoja na bara yake, ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019. Mikono miwili ya bahari inakikumbatia. Mmoja unapita mbele ya Mji wa Kale na chini ya Daraja la Nyali kuingia Tudor. Wa pili unaingia kusini, unapita Likoni, unakuwa Kilindini, kisha unapanuka hadi Port Reitz. Kule nyuma mikono hiyo inakutana, na hapo ndipo penye Makupa.

Jina Kilindini linasema wazi: kwenye kilindi, penye maji marefu. Bandari ya Kale, upande wa Mji wa Kale, ni nyembamba na haina kina kile. Kwa jahazi hilo halikuwa tatizo, tena lilikuwa faida. Jahazi liliingia maji yakijaa, likakaa juu ya tope na mchanga yakipwa, watu wakapakua au wakakwangua chini yake na kupaka shahamu, kisha likaelea tena maji yaliporudi. Meli ya chuma haiwezi kukalishwa hivyo. Inataka maji chini yake saa zote. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, vifaa vilishushwa Kilindini, na tangu hapo mji ukageuza uso: mgongo ukaelekea Mji wa Kale, macho yakaelekea magharibi. Barabara ya Moi, maghala ya Shimanzi, makazi ya wafanyakazi Changamwe, vyote vimezaliwa na mgeuko huo.

Karibuni.

#2 Bamvua

Ahsante kwa uzi, sheikh wangu. Niongeze habari ya kupwa na kujaa, maana hata wenyeji siku hizi wanategemea simu na simu ikizima hawajui lolote.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku saa ya kujaa inasogea mbele kama dakika 50. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana, na tofauti baina ya juu na chini Mombasa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu yanakuwa maji mafu, tofauti hushuka hadi kama mita 1.

Kanuni ya kichwani ni hii. Siku za bamvua, Mombasa maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Shika hapo, kisha ongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana saa mkononi: tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi ni bamvua. Tarehe 8 na 22 ni maji mafu, na saa zimepinduka: asubuhi ya kati maji yako juu. Hii ni ya makadirio, inaweza kukosea kwa nusu saa, na anayeingiza chombo bandarini lazima atumie majedwali rasmi. Lakini kwa anayetaka kujua kama mwamba wa Nyali utaonekana asubuhi, inatosha.

Bamvua kubwa kuliko zote huja mwezi wa 3 na wa 4, kisha mwezi wa 9 na wa 10. Wakati huo ndipo mawimbi hupanda hadi msingi wa mwamba wa Fort Jesus, na ndiyo sababu ilibidi ukuta wa kuzuia mawimbi ujengwe chini ya ngome.

#3 Mpita Njia

Swali la vitendo. Mimi ni mgeni, natoka Nairobi na gari dogo, naelekea Diani. Nipite Likoni au Dongo Kundu? Na feri ina utaratibu gani?

#4 Serahangi

Ndugu Mpita Njia, kama huna shughuli kisiwani, usiingie kisiwani. Ukishuka kutoka Mariakani na Mazeras, ingia barabara ya Dongo Kundu upande wa Miritini. Inavuka Mwache na Mteza kwa madaraja, na la Mteza peke yake lina zaidi ya kilomita 1.4. Inakutoa Kibundani kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, hapo unakata kulia kuelekea Ukunda. Kipande cha kwanza kilifunguliwa 2018, njia nzima ikapitika 2024. Wanaoshuka uwanja wa ndege au stesheni ya treni Miritini nao wapite huko huko.

Ukiwa na shughuli mjini, basi ni feri. Mambo ya kujua ni haya.

Mkono wa Likoni una upana wa kama nusu kilomita tu, lakini ndio mlango pekee wa meli zote za Kilindini. Meli ikiingia au ikitoka, feri inasubiri. Meli kubwa haiwezi kusimama ghafla wala kukwepa ndani ya mkondo ule, kwa hiyo dakika 15 au 20 za feri kukaa upande mmoja si uzembe wa mtu. Na kwa kuwa meli nzito nyingi hupangiwa kuingia na maji yanayojaa, ukijua saa ya kujaa unaweza kukisia saa ya foleni.

Watembea kwa miguu hawalipi. Gari linalipiwa. Matatu za mjini hukushusha ng'ambo hii, unavuka kwa miguu, unapanda nyingine Likoni. Asubuhi wimbi la watu linatoka Likoni kuja kisiwani, jioni linarudi. Wewe ukielekea Likoni saa 1 asubuhi usifikiri umeponea: feri ni zile zile, na inayokwenda nusu tupu inarudi imejaa, ikichelewa kupakia kule nawe unachelewa huku.

Ukishapanda na gari: zima injini, vuta handibreki mpaka mwisho, acha gia ndani (otomatiki weka P), shusha vioo. Vioo vinashushwa kwa sababu moja, nayo ni kwamba gari likitumbukia, mlango hauwezi kufunguka kwa msukumo wa maji, lakini dirisha lililo wazi ni njia. Usianze kuwasha kabla ya bamba la mbele kugusa zege na mfanyakazi kukupa ishara. Dereva akiacha gari kwenye gia bila breki, feri ikigonga gati kidogo tu, gari linasogea.

Wakati wa kupwa kwa bamvua, mteremko wa gati unakuwa mkali. Gari la chini, hasa lililopakia watu watano na mizigo nyuma, linakwaruza bamba. Mwache wa mbele amalize kupanda kabla hujaingia, uende polepole kwa mshazari kidogo kama nafasi ipo. Trela ndefu ndizo zinazokwama, kwa kuwa tumbo la tela linalala juu ya ukingo wakati magurudumu ya nyuma bado yako chini.

Na abiria wasikimbilie upande mmoja feri ikikaribia. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na kufika, watu 272 wakafa. Ilikuwa imebeba watu kupita kiwango chake. Uzito wa watu ukihamia upande mmoja wa chombo kilichojaa, hakuna rubani anayeweza kukirudisha. Wanaoongoza watu pale kwa filimbi na kamba wasikilizwe.

#5 Mshale wa Mvita

Umesema kweli, Serahangi. Niweke milango yote mahali pamoja ili msomaji aone udogo wa jambo. Kaskazini ni Daraja la Nyali, la zege, lililofunguliwa 1980 mahali pa daraja la kuelea la mwaka 1931. Magharibi ni Makupa. Kusini ni maji, na feri juu yake. Basi. Januari 2021 daraja la kuelea la watembea kwa miguu lilianza kutumika Liwatoni, likawa na kipande cha katikati cha kufunguliwa meli ipite. Lakini lori na gari zinabaki na hiyo mitatu, na wa kusini si barabara.

Makupa ina somo lake. Zamani palikuwa na tuta lililojazwa mawe na udongo, reli na barabara vikapita juu. Tuta lilizuia maji ya Tudor na ya Port Reitz kuonana. Maji yaliyolala hayasafishwi, tope likajaa, na Kibarani palikuwa jaa la taka pembeni. Daraja jipya lilipokamilika 2022 tuta likaondolewa, maji yakapita tena huku na huku. Mikoko na samaki vinahitaji mkondo huo kama vile mji unavyohitaji barabara.

#6 Dalali wa Shimanzi

Nimeombwa nieleze mzigo. Nitasema yale yanayogharimu watu pesa, mengine mtayasoma mahali pengine.

Kilindini imepanuka haraka. Kituo cha pili cha makontena kilianza 2016 kwa gati namba 20 na 21, awamu ya pili ikaja 2022 kwa gati namba 22. Mwaka 2022 huo huo kituo kipya cha mafuta cha Kipevu kikaanza kupokea meli katikati ya maji. Mwaka 2024 bandari ilivuka makontena milioni 2 kwa kipimo cha futi 20.

Anayeagiza mzigo mara ya kwanza hupigwa na kitu kimoja: anadhani kuna saa moja inayohesabu, kumbe zipo tatu. Ya kwanza ni ya bandari au ya yadi ya makontena, kodi ya nafasi. Ya pili ni ya kampuni ya meli, nayo haihusu mzigo wako, inahusu lile sanduku la chuma: kila siku ya ziada kabla hujalirudisha tupu ni faini kwa dola. Ya tatu ni ya forodha, mzigo ukikaa mpaka ukahesabiwa umetelekezwa na kuingizwa kwenye orodha ya mnada. Kila moja ina siku zake za bure, na siku za bure za moja haziisimamishi nyingine. Uliza zote tatu kwa maandishi kabla meli haijafika, uandike tarehe kwenye kalenda, na uulize kama Jumapili na sikukuu zinahesabiwa. Mara nyingi zinahesabiwa.

Mpangilio ni huu. Kabla mzigo haujapakiwa huko ng'ambo, tamko la uagizaji liwe limefunguliwa, na bidhaa zinazodaiwa cheti cha ubora ziwe zimekaguliwa huko huko. Cheti hicho hakitafutwi Mombasa. Mzigo ukifika bila cheti ni adhabu au kurudishwa. Meli ikikaribia, orodha ya shehena inaingizwa kwenye mfumo wa forodha. Hapo ndipo wakala anatoa tamko la ushuru, unalipa, halafu ukaguzi au skana, halafu kampuni ya meli inatoa hati ya kutolea mzigo baada ya kulipwa gharama zake na kupokea hati ya shehena. Mwisho ni malipo ya bandari na lori kupata nafasi ya kuingia.

Kinachokwamisha mara nyingi si rushwa wala foleni, ni herufi. Jina la mpokeaji kwenye orodha ya shehena liwe lile lile la kwenye namba ya kodi, mpaka nukta. Idadi ya vifurushi iwe sawa kwenye ankara, orodha ya ufungashaji na hati ya shehena. Kosa moja linahitaji orodha irekebishwe, na marekebisho yanaombwa na kampuni ya meli, kwa ada, huku saa zote tatu zinakwenda.

Ushuru unahesabiwa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya baharini. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni 0, 10, 25 na 35 kwa mia kwa bidhaa nyingi. VAT ya 16 kwa mia inahesabiwa juu ya jumla baada ya ushuru kuongezwa, haihesabiwi juu ya bei uliyonunulia. Anayepiga hesabu zote juu ya bei ya dukani anakuja na pesa pungufu kila mara.

Kwa magari: yasizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, usukani kulia, na yawe yamekaguliwa kabla ya kupakiwa. Mwezi wa 12 ni hatari. Gari lililo kwenye ukingo wa miaka 8 likifika Januari kwa kuchelewa kwa meli, halisajiliki.

#7 Mama Kontena

Dalali, na mzigo wa Kampala na Kigali? Huku Uganda tunaambiwa kulipa kodi kabla mzigo haujatoka Mombasa, wengine hawaelewi kwa nini.

#8 Dalali wa Shimanzi

Ndiyo dada yangu. Ni utaratibu wa himaya moja ya forodha, ulioanza 2014. Mzigo wa matumizi ya ndani Uganda unatolewa tamko kwenye mfumo wa Uganda, kodi inalipwa Uganda, na maofisa wa Uganda waliopo Mombasa wanauachia. Mzigo unaopita nchi zaidi, au unaokwenda kwenye ghala la dhamana, unasafiri kwa dhamana, na lori linafungwa sili ya kielektroniki inayoonyesha lilipo. Dereva akitoka kwenye njia iliyopangwa, au sili ikifunguliwa, ujumbe unafika kwa maofisa na lori linasimamishwa. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo betri ya sili na uaminifu wa dereva ni sehemu ya gharama yako.

Uzito nao. Sheria ya Jumuiya inaruhusu tani 56 kwa jumla, nayo ni kwa lori la ekseli 7. Lakini hata jumla ikiwa sawa, ekseli moja ikizidi unapigwa faini Mariakani. Mzigo mzito usipakiwe wote mlangoni mwa kontena. Mwambie mpakiaji wa huko ng'ambo auweke katikati na autawanye sakafuni, kwa sababu hapa hairuhusiwi kufungua sili njiani kupanga upya.

#9 Reli na Lami

Kuhusu treni na malori, watu wanabishana kwa hasira bila kutazama hati. Reli ya kisasa ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, kilomita 472 hadi Nairobi, upana wa milimita 1,435. Ile ya zamani ni milimita 1,000, kwa hiyo behewa la moja haliwezi kupanda kwenye nyingine. Treni moja ya mizigo hubeba makontena 108 ya futi 20. Kwa mzigo wa Nairobi ulio wa haraka ya kawaida, treni ni nzuri. Tatizo ni kipande cha mwisho: kontena linashuka bandari kavu ya Embakasi, linahitaji lori jingine hadi ghalani, kisha kontena tupu lazima lirudi mahali kampuni ya meli inapotaka. Ukikosa kuuliza hapo, unaokoa nauli ya kwenda na kuipoteza ya kurudi.

Angalia hati ya shehena inataja mahali pa kukabidhi mzigo ni Mombasa au Nairobi. Hilo linaamuliwa siku ya kupakia ng'ambo, na kulibadilisha meli ikiwa baharini ni ada na siku.

Kwa mji wa Mombasa, amri ya kupeleka makontena yote kwa reli ilikausha mfereji wa pesa. Mbali na dereva, palikuwa na turnboi (msaidizi wa lori), fundi wa tairi, mama wa chakula, gereji, yadi, mwenye nyumba Miritini. Septemba 2022 amri iliondolewa na mwagizaji akarudishiwa hiari yake. Mimi naona hiari ndiyo haki. Bandari yenye njia mbili za kutoka ni imara kuliko yenye moja, na mfanyabiashara ndiye anayejua bidhaa yake inavumilia nini.

#10 Majani Mabichi

Msisahau chai. Mnada wa chai wa Mombasa ulihamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, na ni mnada mkubwa wa chai nyeusi. Chai inayouzwa pale haitoki Kenya peke yake, inatoka Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Kongo na kwingineko. Inashushwa kwenye maghala ya Shimanzi na Changamwe, sampuli zinapelekwa kwa madalali na wanunuzi, waonjaji wanaonja kabla ya siku ya mnada, kisha bei inapigwa kwenye mfumo wa kompyuta.

Adui wa chai Mombasa ni unyevu wa hewa. Chai kavu inavuta maji na harufu. Gunia likikaa sakafuni bila mbao za kuinulia, au jirani na ngozi, sabuni au kahawa, inaharibika bila kuonekana kwa macho. Kontena la kupakia chai linakaguliwa hivi: mtu anaingia ndani, mlango unafungwa, anatazama kama mwanga unapenya tundu lolote. Kisha ananusa. Kontena lililobeba samaki au kemikali linakataliwa hata likiwa jipya.

#11 Kijana wa Kuze

Wakubwa shikamooni. Nyumba ya familia Mji wa Kale inatoa chumvi kwenye ukuta, lipu inabanduka kila mwaka ingawa fundi anapiga saruji imara. Tufanye nini?

#12 Fundi Chokaa

Marahaba mwanangu. Saruji imara ndiyo ugonjwa. Nitaeleza taratibu.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Jiwe la tumbawe lina matundu, linanyonya maji kutoka ardhini na hewani. Lipu ya chokaa nayo ina matundu, kwa hiyo maji hupanda ukutani na kutoka kama mvuke, ukuta unabaki mzima. Ukifunika kwa saruji umefunga pua ya ukuta. Maji hayatoki nje, yanapanda juu zaidi, yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya saruji inavimba na kuibandua pamoja na ngozi ya jiwe. Kila mwaka unaweka saruji mpya na kila mwaka unapoteza jiwe.

Kwanza tafuta maji yanatoka wapi: mfereji wa paa uliotoboka, bomba la choo, au barabara ya nje iliyoinuliwa mpaka imepita usawa wa sakafu ya ndani. Hilo la mwisho linaonekana sana Mji wa Kale. Usiguse lipu kabla hujaziba chanzo.

Kisha bandua saruji kwa patasi ndogo na nyundo nyepesi, usitumie mashine ya kutikisa. Bandua hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Acha ukuta uchi ukauke, wiki kadhaa, na katika kaskazi hukauka vizuri kuliko msimu wa mvua za masika. Chumvi inayojitokeza isafishwe kwa brashi kavu na ikusanywe itupwe nje. Ukiiosha kwa maji umeirudisha ndani.

Chokaa: ya kiwandani ya unga inafaa kama utailoweka kwenye pipa lenye kifuniko kwa wiki 2 au zaidi, ikiwa na maji juu yake kama upana wa viganja viwili. Inakuwa laini kama siagi. Mchanga uwe wa mto, mkali, uliochekechwa na kuoshwa. Mchanga wa pwani usiuguse, ni chumvi tupu. Kipimo ni chokaa ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3. Lowesha ukuta kwanza, piga tabaka lisilozidi sentimita 1, subiri lishike, siku kadhaa, ndipo la pili. Funika kwa magunia mabichi kwa wiki nzima, jua lisilipige. Chokaa haikauki kama saruji, inashika kwa kuvuta hewa polepole ikiwa na unyevu. Ikikaushwa haraka inapasuka nyufa ndogo ndogo na kuwa unga, kisha watu wanailaumu chokaa.

Mwisho paka chokaa ya maji, nyembamba kama maziwa, mara 4 au 5. Rangi ya plastiki inaziba tena kila ulichofungua.

Mji wa Kale umetangazwa eneo la hifadhi tangu 1990. Kabla ya kuvunja, kuongeza ghorofa au kubadilisha mlango wa nakshi na roshani, pitia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Kitaifa. Kwenda mapema kunapunguza hasara, maana wanakuonyesha pia mafundi na vipimo.

#13 Mwana wa Tisa Taifa

Jazakallah Fundi. Niongeze neno juu ya watu, kwa sababu mji si mawe tu. Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa. Miji Mitatu ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Soma majina hayo ukiwa na ramani ya pwani, utaona mji ulivyopokea watu kutoka Pate hadi Changamwe.

Na ngome: Fort Jesus ilijengwa na Wareno 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ili kulinda mlango wa Bandari ya Kale. Tazama ilipo, utaona mizinga ilielekezwa kwenye mkondo wenyewe. Ilizingirwa tangu 1696 hadi Waomani walipoitwaa Desemba 1698. Meli ya Kireno Santo António de Tanná iliyokuja kuisaidia ilizama chini yake 1697, na wapiga mbizi wa mambo ya kale waliichunguza miaka ya 1970. Baadaye ngome ikawa gereza hadi 1958. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Mgeni asiishie langoni. Apande ukuta wa upande wa bahari maji yakiwa yanajaa, aone upana wa mlango ule, ataelewa kwa nini walipigania jiwe hili karne nzima.

#14 Bomba la Mzima

Jambo moja halijatajwa: maji ya kunywa. Kisiwa hakina mto. Maji mengi yanatoka mbali, mojawapo ni bomba la Mzima, karibu kilomita 220 kutoka Tsavo, lililokamilika miaka ya 1950. Bomba likipasuka au umeme wa pampu za visima vya Baricho ukikatika, mji unasikia siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu kila nyumba ina tangi, na mikokoteni ya madumu haikosi kazi.

#15 Kijana wa Kuze

Ahsanteni sana. Bomba la Mzima umenigusa palepale: tangi la lita 2,000 liko juu ya dari ya nyumba hiyo hiyo. Fundi Chokaa, ni hatari?

#16 Fundi Chokaa

Ni hatari, na ulishughulikie kabla ya lipu. Lita 2,000 ni tani 2 za maji, ukiacha tangi lenyewe. Dari ya kale ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa nzito. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba vyetu, ndiyo maana ni vyembamba na virefu. Dari hiyo ilipangiwa uzito wake na watu waliolala juu, haikupangiwa tangi mahali pamoja.

Kama huwezi kulishusha leo, lipunguze maji hadi robo, na lisikae katikati ya chumba. Likae juu ya ukuta mnene, kwenye mbao nene mbili zinazovuka kutoka ukuta hadi ukuta. Bora zaidi ni tangi kubwa chini uani, na dogo la lita 200 juu, la kusukumia kwa pampu.

Halafu kagua boriti moja moja. Boriti haiozi katikati, inaoza kwenye kichwa kilichoingia ukutani, hasa chini ya bafu na chini ya tangi linalotiririka. Chukua bisibisi, choma pale boriti inapoingia ukutani. Ikizama zaidi ya upana wa kidole, kichwa kimekwisha. Gonga kwa mpini: iliyo nzima inalia kavu, iliyoliwa na mchwa inalia kama debe. Usibadilishe mbili zilizo jirani kwa pamoja. Weka nguzo za muda na ubao chini ya dari, toa moja, weka mpya, ruka, endelea. Boriti mpya inunuliwe kwa mwenye kibali cha misitu, na kichwa chake ukutani kiachiwe nafasi ya hewa, kisifungwe kwa saruji. Ukikuta zaidi ya tatu mbovu katika chumba kimoja, watoe watu katika chumba hicho usiku huo huo, kisha umwite mtu wa uhifadhi aje atazame kabla hujagusa nyingine.